Salamu za Bibi Magreti na Mpira Uliopotea Shimo la Saba

Mpira ukipotea, msikimbie. Nawaambia ninyi mnaobeba mifuko ya fimbo za gofu sasa, maana nimewaona. Mchezaji anapiga, mpira unaingia majanini, nanyi mnafyatuka kama mbuzi waliokatwa kamba, kila mmoja na upande wake. Mkifika kule mmeshasahau ulikoingia. Simama kwanza palepale ulipo. Chagua kitu kilicho nyuma ya mahali mpira ulipozamia, kichuguu, mti, shuka iliyoanikwa uani kwa mtu, kisha tembea ukikitazama hicho tu. Ila usichague mbuzi. Mimi niliwahi kuchagua mbuzi. Tulishuka naye mpaka Kibirizi, ufukweni.

Halafu mchezaji akikuambia mpira uko mbele zaidi, wewe anzia nyuma. Katika miaka yangu yote sijapata kuona mtu aliyedhani amepiga karibu. Na wakati wa mvua mjihadhari na uyoga. Siku moja nilimwita bosi wangu kwa mbwembwe, nimesimama kwa mguu mmoja nisiukanyage mpira, mkono nimeuelekeza chini kama mtu wa kwenye picha. Akaja, akapanga miguu, akatikisa kiuno, akapiga. Uyoga ukampasukia usoni. Alikuwa mtu mstaarabu, hakunifukuza, lakini tangu siku ile kila nikimpa maji ya kunywa aliniuliza kama nina hakika ni maji.

Nilibeba mifuko ya watu tangu ndevu hazijaota mpaka zilipoota nyeupe. Shule niliishia darasa la nne, na hilo la nne nililisoma mara mbili, kwa hiyo mkiona sentensi imepinda chekeni kidogo muendelee. Uwanja wenyewe mnaujua: mashimo tisa mlimani juu ya Kibirizi, ziwa lote chini yako, na milima ya Kongo ng'ambo kama hakuna mawingu. Wageni huja wakitegemea zulia la kijani kuzunguka shimo. Wakikuta mchanga uliomwagiwa oili chafu ili usipeperuke, huuliza ni gari gani liliharibikia hapo. Na watu wengi wa mjini mpaka leo wanadhani ni malisho.

Sasa nataka kuwaeleza habari ya muda, maana huo ndio ulionipa sifa hapa uwanjani, na si sifa nzuri sana. Mpira ukipotea, kuna muda wa kuutafuta. Muda ukiisha hujauona, basi umepotea kisheria, hata kama sekunde inayofuata unaukanyaga. Unarudi ulikopigia, unapiga mwingine, na adhabu ya pigo moja juu yake. Zamani zilikuwa dakika tano, siku hizi ni tatu. Na muda hauanzi mpira unapoanguka. Unaanza pale mchezaji au mbeba mfuko wake anapoanza kutafuta. Hapo ndipo palipo na ujanja. Kulikuwa na mzee mmoja mnene, akifika ukingoni mwa majani husimama kwanza. Atafunga kamba za viatu, atafuta miwani, ataniuliza habari za ndoa yangu kwa kirefu, na muda wote huo macho yanazunguka majanini kama ya kunguru. Mguu haujaingia, kwa hiyo anasema hajaanza. Nilimaliza kumsimulia ndoa yangu yote na mpira ukapatikana.

Aliyenifundisha ni mkuu wetu sisi wabeba mifuko, Mzee Zuberi wa Ujiji. Yeye hakuwa na saa. Alikuwa na muwa. Mchezaji akitia mguu majanini, Mzee Zuberi anaanza kutafuna pingili moja, na akitema kapi la mwisho, dakika tano zimekwisha, na hakuna wa kumbishia. Ila alipong'oka magego mawili, muda wa kutafuta mipira hapa Kigoma ulirefuka, na sikumsikia mchezaji hata mmoja akilalamika. Alipofariki nikajaribu kumrithi. Pingili yangu ya kwanza niliimaliza mchezaji hata hajainama. Nilikuwa na njaa.

Magoti yangu yalipogoma kupanda mlima na mfuko, Kapteni wa klabu alinipa saa ya kubonyeza, ile ndogo yenye kitufe kimoja juu: bonyeza inaanza, bonyeza inasimama, bonyeza tena inarudi sifuri. Kazi yangu siku za mashindano ikawa kusimama karibu na majani na kutamka neno moja, "Muda." Kapteni huyu alikuwa mtu wa Kasulu, mpole, hapandishi sauti, lakini akishasema jambo halirudii. Mke wangu, Mama Asha, alifurahi kuliko mimi. Alisema, "Nenda, Baba Asha. Ukishinda hapa utaanza kunihesabia vijiko."

Mngedhani kusimama na kutamka neno moja hakumshindi mtu. Mashindano ya kwanza nilingoja dakika tano. Nilikuwa nimeambiwa tatu, nimeitikia tatu, lakini tumbo langu lilizoea tano na likangoja tano. Mashindano ya pili nilikumbuka tatu vizuri. Tatizo ni kwamba wale watu walikuwa wanatafuta vibaya. Mtu aliyetafuta mipira maisha yake yote hawezi kusimama tu akatazama mwenzake anatafuta upande wa kulia wakati mpira umeingia kushoto. Nikaingia mwenyewe. Nikaupata, nikauokota, nikauinua juu nimejaa fahari, na hapo ndipo nikakumbuka kwamba haokoti mtu, na kwamba shingoni nina saa inayokwenda dakika ya sita.

Kapteni aliniita pembeni. "Mzee Sadiki, tunakuheshimu sana. Lakini fainali ya kombe ikiharibika mkononi mwako, saa nitampa mtu mwingine. Wewe utakuwa unakuja kutazama tu."

Kutazama tu. Nilirudi nyumbani nikajaribu kukaa barazani siku moja, nione kutazama tu kunakuwaje. Kabla ya adhuhuri Mama Asha alikuwa amenituma sokoni mara kadhaa, na safari ya mwisho nilirudi na kitu ambacho kumbe kilikuwemo ndani tangu jana. Wala hakukasirika. Alitaka nitembee. Nikajua saa ile ndogo ndiyo inayoniweka mimi miongoni mwa watu.

Fainali ilikuwa kati ya Mwavita na Hamisi. Mwavita ni fundi cherehani wa Kasingirima, wazazi wake walivuka kutoka Kongo. Alijifunza gofu kwa fimbo za kuazima na hasira zake mwenyewe. Hamisi ni fundi wa injini za boti kutoka Ujiji, mvuta sigara, mdomo haulali. Walikuwa sare walipofika shimo la saba, mzunguko wa pili, lile lenye majani marefu kulia na njia ya watu wanaopanda kutoka Kibirizi kwenda soko la Mwanga. Mwavita akapiga, mpira ukapinda, ukaingia majanini.

"Piga mpira wa akiba," Hamisi akamwambia. "Yale majani yana njaa."

"Wa akiba wa nini? Nimeuona unapolala."

"Umeuona unapolala. Utauona unapoamka?"

Hakupiga wa akiba. Hilo nalo mlishike: mwombeni mchezaji wenu apige wa akiba kabla hajaondoka pale, hata akiwanunia, maana kurudi nyuma mbele za watu kunauma kuliko kununiwa. Tukashuka. Mwavita akatia mguu majanini, nikabonyeza saa, nikaishika kiganjani kwa nguvu, na nikajiapiza kwamba leo sitafuti mpira wa mtu. Hamisi akawasha sigara.

Ndipo Bibi Magreti akatokea njiani.

Bibi Magreti ni wa Mwamgongo. Huja na boti mpaka Kibirizi, anapanda na beseni la dagaa kichwani. Umri amenizidi si sana, lakini aliwahi kunibeba mgongoni nilipokuwa mchanga, na jambo hilo hajalisahau wala hajaniruhusu nilisahau. Na salamu za kwetu mnazijua. Mtu mzima humpungii mkono ukaendelea na yako. Unainama, unapiga makofi ya taratibu, naye anapiga, kisha mnaulizana nyumba nzima mpaka mfike kwenye kuku.

"Mwakeye, Sadiki."

"Mwakeye, Bibi. Shikamoo."

Nikainama. Viganja vyangu vikakutana vyenyewe kama vilivyofundishwa na mama yangu. Saa ilikuwa katikati yake.

Mimi sikusikia chochote. Tuliendelea, mke, watoto, magoti, mvua, kazi, na tulipokuwa tumefika kwa wajukuu, Mwavita akaita kutoka majanini, "Nimeupata. Huu hapa."

Kila mtu akanigeukia. Nikafungua kiganja. Saa ilikuwa imesimama kwenye sekunde arobaini. Akili yangu, wanangu, haikuwa imefika. Mdomo ukatangulia. "Sekunde arobaini," nikatangaza, na sauti niliitoa nzito, ya kiofisa.

Hamisi akainua kipande cha sigara. "Mzee wangu, hii niliiwasha Mwavita anaingia. Tazama. Inaniunguza kidole."

"Wewe unavuta kama injini mbovu," Mwavita akasema. "Hiyo si saa."

"Si saa, lakini haijasimama."

Kapteni akaja karibu, akatazama saa, akanitazama mimi. "Mzee Sadiki. Uliigusa?"

"Sikuigusa, Kapteni. Niliipigia makofi."

Alinyoosha mkono nikampa. Nilipoiweka kiganjani mwake nilihisi nimempa na kiti changu na kofia yangu na salamu zote za asubuhi. Mwavita naye alikuwa amesimama juu ya mpira wake kama kuku juu ya mayai. Kama muda ulipita, arudi juu akapige upya na adhabu. Kama haukupita, apige kutoka pale. Na aliyetakiwa kujua ni mimi, na sikujua.

Hamisi ndiye aliyeleta wazo, na mpaka leo sijui kama alitania. "Bibi si yupo? Wasalimiane tena, tupime."

Kapteni akamwangalia Mwavita. Mwavita akakubali upesi. "Wapimwe. Salamu gani ya kufika dakika tatu?" Huko ng'ambo walikotoka wazazi wake labda hazifiki.

Wakakubaliana kwamba kofi la kwanza ndilo lililosimamisha saa, mengine hayakugusa kitufe, na mpira ulipatikana tukiwa kwa wajukuu. Basi salamu ipimwe toka kofi mpaka wajukuu, iongezwe sekunde arobaini. Kapteni ashike saa mwenyewe.

Kazi ikawa kumweleza Bibi Magreti.

"Nikusalimu tena?" akauliza. "Ile ya kwanza ilikuwa na kasoro?"

"Haina kasoro, Bibi. Wanataka kuipima."

Akawatazama mmoja mmoja. "Salamu haipimwi. Lakini kama watu hawa hawajasalimiwa kwao, tutawasalimia."

Akajitwika beseni, akarudi nyuma mpaka kwenye kichuguu, akaja tena kwa mwendo uleule. Nikainama, nikapiga kofi, Kapteni akabonyeza.

Niwaambie kilichokuwa kichwani mwangu. Nilifikiri, nikifika kwa wajukuu haraka, mpira wa Mwavita ni mzima, na kosa langu halijamdhuru mtu. Kosa lisilomdhuru mtu husameheka. Labda nitarudishiwa saa. Kwa hiyo nikatia gia.

"Mke wako hajambo?"

"Wazima, Bibi, wazima wote, wazima."

Bibi Magreti akashusha viganja. "Nimekuuliza mke mmoja. Hao wengine umeoa lini?"

Hamisi akageukia ziwa, mabega yakamtikisika.

"Hajambo, Bibi. Ni yuleyule."

"Basi mbona wanijibu kama askari wa zamu? Tuanze upya." Na akaanza upya, kutoka kofi. Nikainama tena, Kapteni naye akaanzisha saa upya. Jasho lilinitoka mpaka kwenye soksi. Safari hii nilijibu taratibu, maana nilijua nikiharakisha tutarudi mwanzo mara ya tatu na jua litatuchwea hapohapo. Mke hajambo. Watoto wapo, mmoja Uvinza, mmoja hapahapa mjini. Magoti yananiuma. Mvua si haba.

"Na kazi?" akauliza.

Mara ya kwanza nilikuwa nimemjibu, "Kazi ipo," kama tunavyojibu sote, hata asiye na kazi. Safari hii sikuweza. Mwenye kazi alikuwa amesimama hatua mbili kutoka kwangu na saa mkononi.

"Kazi, Bibi," nikasema, "iko kwa huyu." Nikamwonyesha kwa kidevu.

"Kwa huyu?" Bibi Magreti akamgeukia. "Huyu ni mtoto wa wapi?"

"Wa Kasulu, Bibi."

"Aa. Mwakeye, mwanangu."

Na Kapteni, mtu mzima, mwenye suruali ya pasi na kofia ya klabu, akainama kama alivyoinamishwa na mama yake huko Kasulu, akapiga makofi. Pa. Pa.

Kapteni alikuwa bado ameinama. Alifungua viganja polepole, kama mtu aliyeshika kifaranga na anaogopa amekibana.

"Inasemaje?" Hamisi akauliza.

Kapteni akaitazama kwa muda mrefu kuliko ilivyohitaji. "Inasema sifuri."

Mwavita alikaa chini majanini kabisa, akafunika uso kwa kofia. Hamisi alikohoa moshi wa sigara ambayo hakuwa ameiwasha. Mimi sikuthubutu kucheka. Kapteni hakucheka wala hakukasirika, hakuwa na nafasi, kwa sababu Bibi Magreti alikuwa ndiyo kwanza anaanza naye. Alimuuliza baba yake, alimuuliza mama yake, alimuuliza maharage ya Kasulu yameota namna gani mwaka huu. Kapteni alijibu yote, ameinamisha kichwa, na sote tukangoja.

Alipoachiliwa, Hamisi akasema, "Kapteni, mimi siulizi tena dakika. Tupige shimo hili upya, wote wawili. Mwavita, unakubali?"

"Nakubali. Na safari hii napiga wa akiba hata kama mpira uko katikati ya njia."

Tukapanda juu. Kapteni alinikabidhi saa. Nilivaa kamba shingoni, saa nikaiingiza ndani ya shati, kitufe nikakishika kwa juu ya kitambaa, na mkono wa pili nikaupeleka nyuma, nikaushika mkanda wa suruali usije ukaenda kukutana na mwenzake. Bibi Magreti alikuwa ameketi juu ya jiwe anatutazama. Nilimwomba radhi kabisa, nikamwambia nitakuwa kimya kidogo, si kwa ubaya.

Mwavita akapiga katikati ya njia. Hamisi, aliyekuwa akicheka bado, akapinda kulia. Mpira ukaingia majani yaleyale.

Alipotia mguu, nikabonyeza. Alitafuta vibaya, nawaapia. Alikuwa mbele mno, kama wote, na mimi nilijua ulipo, nilikuwa nimeulinganisha na kichuguu. Niliuma ulimi. Nilitazama mshale ndani ya shati langu kupitia tundu la kifungo, mpaka ukafika.

"Muda," nikasema.

Papo hapo Hamisi akainama, akainuka na kuuonyesha mpira kwa kidole. "Huu hapa. Nilikuwa nimeshauona, mzee wangu, kabla hujasema."

"Uliuona baada ya muda."

"Nani kasema?" Akamtazama Kapteni. Nami nikamtazama Kapteni. Nilitegemea ataomba saa aiangalie mwenyewe, na angeomba ningempa.

"Mzee Sadiki kasema," Kapteni akajibu.

Hamisi akauokota mpira, akautia mfukoni, akaanza kupanda mlima kurudi kupiga mwingine. Aliponipita akaniambia kwa sauti ndogo, "Ungekuwa unasalimiana na mtu ningepona."

Shimo lile likawa la Mwavita. Kombe pia lilikuwa lake mchana ule, na mkipita kwake Kasingirima mtaliona mezani kando ya cherehani, ametia vifungo vya mashati humo ndani. Lakini hapo palikuwa bado mashimo mawili mbele. Nilichomoa saa nikamnyooshea Kapteni, maana nilikumbuka alivyosema na nilikumbuka kwamba huwa harudii.

Aliitazama, akatia mikono mifukoni. "Kaa nayo," akasema. "Mimi siwezi kupita njia hii bila kusalimia watu."

Nilikaa nayo mpaka macho yalipokataa kuona mshale, na kuirudisha niliirudisha mwenyewe.

Bibi Magreti alikuwa ameinuka kwenye jiwe lake. "Mmemaliza, Sadiki?"

"Bado kidogo, Bibi. Mashimo mawili. Nenda tu sokoni, dagaa wasikuharibikie."

"Dagaa ni wakavu," akasema, na akaketi tena. "Nitawangoja. Hatujaagana."

Kapteni alikuwa ameshaanza kwenda shimo la nane, na sijawahi kumwona akitembea upesi namna ile.